Nahodha Aliyekubali Kulipwa

Tarehe 28 Septemba 1955, timu ya raga ya British Lions ilicheza hapa Nairobi dhidi ya timu ya Afrika Mashariki na kushinda 39-12. Nchi ilikuwa kwenye Hali ya Hatari, mwaka wa tatu ukielekea kuisha. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, jeshi la Waingereza lilikuwa limeupekua mji huu mtaa kwa mtaa katika Operesheni Anvil, likasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Raga ilikuwa mchezo wa walowezi. Kama babu yako alikuwa Nairobi wiki hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba shida yake ilikuwa kipande na msako, si matokeo ya raga.

Lions walikuwa wanarudi kwao kutoka Afrika Kusini. Nahodha wao wa ziara nzima alikuwa Mwairishi wa miaka 24 anayeitwa Robin Thompson, mchezaji wa mstari wa pili wa skramu kutoka klabu ya Instonians, mjini Belfast. Kuwa nahodha wa Lions ni cheo ambacho hakina cha kukizidi kule kwao. Unaongoza wachezaji bora wa nchi nne, Uingereza, Uskoti, Wales na Ayalandi, wakiwa wamevaa jezi moja.

Mwaka uliofuata, 1956, Thompson alisaini na Warrington, klabu ya raga ya ligi kaskazini mwa Uingereza. Kwa sheria za wakati huo, sahihi hiyo ilimfungia nje ya raga ya yuniyoni maisha yake yote. Si Ayalandi, si Lions, si hata mechi ya kirafiki na vijana wa klabu yake ya Belfast. Hakuwa ameiba. Hakumpiga refa. Hakuuza mechi. Alikubali kulipwa, basi.

Nimekaa na hii stori kwa muda sasa, na kila nikiirudia inanikera kwa njia mpya. Ili uone kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo.

Watu wengi hapa kwetu wanajua raga moja tu, ile ya wachezaji 15, pamoja na mdogo wake wa wachezaji saba ambao ndio umetupa majina. Hiyo ndiyo yuniyoni. Lakini kuna raga nyingine, ya ligi, yenye wachezaji 13, isiyo na ile mirundo ya watu wanaong'ang'ania mpira chini. Ukishikwa na kuangushwa, unainuka, unaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Kwa macho ya mgeni zinafanana kama mapacha. Na kweli zilitoka tumbo moja, zikaachana kwa sababu ya shilingi sita.

Miaka ya 1890, wachezaji wengi wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa watu wa migodi, viwanda vya nguo na bandari. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, unakatwa mshahara. Klabu za kaskazini zikaomba kitu kidogo sana: mchezaji arudishiwe pesa aliyopoteza kwa kukosa kazi, shilingi sita kwa siku. Haikuwa mshahara, ilikuwa fidia. Mwaka 1893 chama cha raga cha Uingereza, kilichoendeshwa na wanaume waliosoma kwenye shule za kitajiri, kilipiga kura na kukataa, 282 dhidi ya 136. Tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini walikutana kwenye George Hotel mjini Huddersfield, na klabu 22 zikajitoa na kuunda chama chao. Hicho ndicho kilichokuja kuwa raga ya ligi.

Waliobaki waliliita lao neno zuri. Kwa Kiswahili sisi tunaita michezo ya ridhaa. Hebu sikiliza hilo neno vizuri. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kulazimishwa. Unacheza kwa sababu umependa. Nani atapinga mapenzi? Lakini mapenzi ya aina hiyo yalikuwa na bei ya kuingia. Mtoto wa mwenye kiwanda angeweza kucheza bure Jumamosi kwa sababu kiwanda cha babake kilikuwa kinafanya kazi Jumamosi hiyo hiyo. Aliyekuwa ndani akiendesha mashine ndiye aliyeambiwa kwamba kuomba fidia ni kuchafua mchezo.

Na adhabu haikuwa mchezo. Ukisaini ligi, hurudi yuniyoni kucheza, kufundisha wala kushika cheo. Ilihusu hata wale waliocheza ligi bila malipo yoyote. Kilichotakiwa ni kwamba usiguse kabisa ile nyumba nyingine.

Hiyo sheria ya maisha ililegea wakati wa vita. Mwaka 1939 chama kile kile kiliruhusu watu wa ligi kucheza yuniyoni wakiwa ndani ya jeshi. Mwaka 1943 na tena 1944, kikosi cha wachezaji wa ligi kilikutana na kikosi cha wachezaji wa yuniyoni, kwa sheria za yuniyoni, na ligi ikashinda mara zote mbili. Kumbe inawezekana. Serikali ikikuhitaji ufe pamoja na wenzako, mnaruhusiwa kucheza pamoja. Vita vikiisha, kila mtu arudi upande wake.

Thompson hakuwa Mwairishi wa kwanza kuvuka. Kabla yake kulikuwa na Jack Daly, mzaliwa wa Cobh, kaunti ya Cork, mtu wa mstari wa mbele wa skramu. Tarehe 13 Machi 1948, Ayalandi ilikutana na Wales katika uwanja wa Ravenhill, Belfast. Ayalandi ilikuwa imeshazifunga Ufaransa, Uingereza na Uskoti. Ikishinda hii, ingekuwa imewapiga wote mwaka mmoja, kitu ambacho haikuwa imewahi kufanya. Mambo yalikuwa 3-3 hadi kipindi cha pili, ndipo Daly akatua na mpira kwenye mstari. Trai wakati huo ilikuwa pointi tatu. Mechi ikaisha 6-3. Mashabiki walimvamia Daly akitoka uwanjani wakamchania jezi, kila mtu akitaka kipande cha kupeleka nyumbani.

Muda mfupi baadaye Daly akasaini na Huddersfield, mji ule ule ambako ligi ilizaliwa. Mlango wa yuniyoni ukafungwa nyuma yake. Ayalandi ilikaa miaka 61 bila kurudia ushindi kama ule, hadi 2009. Kwa hiyo kwa miaka 61 trai yake ilisimuliwa, ilisherehekewa, ilirithishwa kwa watoto. Mwenyewe, kwa mujibu wa vitabu vya sheria, alikuwa mtu asiyefaa.

Linganisha na mwenzake wa timu ile ile, Jack Kyle, aliyecheza namba 10. Kyle alikuwa daktari. Alicheza Ayalandi mara 46, hakuwahi kuhitaji hata senti ya raga, na baadaye akaja barani kwetu kufanya kazi ya upasuaji Chingola, Zambia, kuanzia 1966 hadi 2000. Simsemi vibaya hata kidogo. Miaka zaidi ya 30 ya kushona watu kwenye mji wa migodi ya shaba si kitu cha kubeza. Ninachosema ni kwamba ridhaa ilimkaa vizuri Kyle kwa sababu alikuwa na taaluma ya kumlisha. Sheria ile ile iliwapima wote wawili, lakini haikuwa na uzito ule ule.

Sasa rudi kwa Thompson na ile ziara ya 1955, kwa sababu hapo ndipo hii stori inapochacha.

Lions wa 1955 walikuwa wa kwanza kwenda ziarani kwa ndege. Walicheza mechi 25 ukihesabu ile ya Nairobi, kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba. Fikiria ni mwajiri gani anakupa ruhusa ya miezi mitatu na zaidi. Mechi kubwa ya kwanza dhidi ya Springboks ilichezwa Johannesburg, uwanja wa Ellis Park, tarehe 6 Agosti, mbele ya watu zaidi ya 90,000. Enzi hizo hakukuwa na wachezaji wa akiba. Lions walimpoteza Reg Higgins kwa jeraha wakacheza sehemu kubwa ya kipindi cha pili wakiwa 14. Waliongoza 23-11, Springboks wakaja juu, na dakika za mwisho kabisa ikawa 23-22 na mkwaju wa ziada mkononi mwa Jack van der Schyff. Akiupiga unapita, Afrika Kusini inashinda. Akaukosa. Msururu wa mechi nne uliisha 2-2, na Thompson aliongoza uwanjani katika tatu kati ya hizo. Mpaka leo watu wa raga wanauita mmoja wa misururu mizuri zaidi ya karne iliyopita.

Watu 90,000 wamelipa kiingilio. Wachezaji 30 hawajalipwa. Hizo pesa zilienda mahali fulani, si ndiyo? Hakuna aliyesema kwamba mwenye kukusanya kiingilio anachafua mchezo. Hakuna aliyemwambia mwenye hoteli apokee wageni kwa ridhaa. Mtu mmoja tu ndiye aliyetakiwa kuwa na moyo safi, yule aliyekuwa anavunjwa mbavu.

Na kuna kubwa zaidi. Februari ya mwaka huo, mji ule ule wa Johannesburg, serikali ya makaburu ilianza kuwahamisha watu weusi kwa nguvu kutoka Sophiatown. Juni, wakati Lions wako nchini humo, maelfu ya watu walikusanyika Kliptown na kupitisha Mkataba wa Uhuru. Springboks ilikuwa timu ya weupe pekee, kwa sera. Watazamaji weusi walitengewa sehemu zao. Vyama vya raga ya yuniyoni viliyaona haya yote na kuendelea kucheza. Viliendelea miaka ya 60. Viliendelea baada ya Soweto 1976. Mwaka 1980 Lions walienda tena. Mwaka 1981 Ayalandi yenyewe ilienda, ingawa wachezaji wanne, Tony Ward, Moss Keane, Hugo MacNeill na Donal Spring, walikataa kwa dhamiri zao, na heshima yao ibaki pale pale.

Weka hayo mawili kwenye mizani. Ukicheza na timu inayobagua watu kwa rangi, unaitwa balozi wa mchezo. Ukipokea mshahara Warrington, unafungiwa maisha. Mimi naamini ukitaka kujua taasisi inapenda nini, usisome hotuba zake, angalia inamwadhibu nani. Yuniyoni haikuogopa uchafu. Iliogopa mtu anayejua bei ya jasho lake.

Sitaki kuifanya ligi iwe malaika. Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia kule Australia, Uingereza na Ufaransa zilipita Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho. Billy Boston, winga mweusi kutoka Cardiff na mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia ya ligi, hakwenda nao. Timu ilicheza bila yeye. Pesa pekee haikufundishi haki. Lakini Boston angalau alikuwa na kazi, na mashabiki wa Wigan walimpenda hadi wakamwekea sanamu mjini.

Warrington aliyoingia Thompson haikuwa klabu ya kichochoroni. Ulikuwa mji wa viwanda vya kutengeneza waya, na timu yenyewe iliitwa hivyo, waya. Mei 1954, marudio ya fainali yao dhidi ya Halifax huko Bradford yalivuta watu 102,569 kwa hesabu rasmi, na Warrington ikashinda 8-4. Walikuwa mabingwa wa ligi 1954 na 1955. Kwenye winga walikuwa na Brian Bevan, Mwaustralia mwembamba, mwenye kipara, magoti yamefungwa bandeji, aliyefunga trai 796 katika maisha yake ya uchezaji. Kwa hiyo Thompson hakushuka. Alitoka kwenye chumba kimoja kikubwa akaingia kingine. Tofauti ni kwamba hiki cha pili kilikuwa na siku ya malipo.

Kitu kinachonigusa kuhusu Thompson ni kwamba hakuwa mtoto wa mgodi. Instonians ilikuwa klabu ya wahitimu wa shule moja maarufu ya Belfast. Alikuwa mmoja wao kabisa. Kama mfumo ule ungemlinda mtu yeyote, ungemlinda nahodha wa Lions. Haukumlinda hata mwaka mmoja. Alikuwa mtoto wa nyumbani mradi asiombe kitu.

Hii mimi naijua. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda nguvu za nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kuna mhariri mmoja, simtaji, alichapisha makala zangu tano. Nilipouliza kuhusu malipo akanijibu kwa upole kabisa kwamba alidhani mimi ni mtu wa kupenda fasihi. Ni jibu la kisomi sana. Linakugeuza wewe mwenye deni. Sasa ukitaja nauli na kodi ya nyumba unaonekana huna moyo wa sanaa. Waulize wasanii wa mitaani, waulize wachezaji, waulize wale wasee wanaofanya kazi ya mafunzo miezi sita bila shilingi kwa sababu "utaonekana". Nimeona watu wakionekana mpaka wakafungiwa nyumba na landilodi.

Na lugha yetu wenyewe ilishatoa hukumu zamani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tunanukuu hiyo methali kama vile inasema utapendwa nyumbani. Lakini kutunza, ukienda kwenye ngoma au taarabu pwani, si kupigiwa makofi. Ni mtu kuinuka na pesa mkononi, akakupa mbele za watu. Mcheza kwao analipwa. Methali haioni aibu hapo hata kidogo.

Tarehe 26 Agosti 1995, karibu miaka mia kamili baada ya ule mkutano wa Huddersfield, viongozi wa yuniyoni walikaa Paris wakatangaza kwamba mchezo wao sasa uko wazi. Kulipwa ruksa. Yaani kilichokuwa dhambi asubuhi kilikuwa mkataba jioni. Sababu haikuwa toba. Pesa za televisheni zilikuwa zimefika mlangoni, na wachezaji walikuwa wanaweza kuhama wote kwa pamoja.

Ukitaka kuona kilichobadilika, mwangalie Brian Carney. Mzaliwa wa Cork, kaunti ile ile ya Daly. Alijijengea jina kwenye ligi: Gateshead, Hull, halafu Wigan, akachezea Uingereza Kuu, akaenda Newcastle Knights huko Australia mwaka 2006. Mwaka 2007 akavuka kwenda yuniyoni, akasaini na Munster, na mwaka huo huo akavaa jezi ya Ayalandi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu usafi wake. Magazeti yaliuliza kama ataweza kusoma mchezo mpya, swali la kawaida la kikazi. Mwaka 2009 akarudi ligi kwa muda mfupi kabla ya kustaafu na kuingia kwenye utangazaji. Klabu aliyorudi nayo? Warrington. Njia ambayo Thompson aliruhusiwa kuipita upande mmoja tu, Carney aliipita kwenda na kurudi.

Sisi pia tuna watu wetu waliopita humo. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kabla ya mlango kufunguliwa, Edward Rombo wa Kenya alienda Leeds kucheza ligi. Baada ya mlango kufunguka, Lucas Onyango alipita Sale Sharks kwenye yuniyoni kisha akajenga maisha kwenye ligi, Widnes na Oldham. Na mwaka 2018, pale Paris Sevens, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wamefunika jina la mdhamini kwenye jezi zao kulalamikia pesa zao. Nakumbuka maneno yaliyofuata mitandaoni. Eti wameaibisha nchi. Eti wangekuwa wazalendo wangecheza kwanza. Ni hoja ya 1893 imevaa bendera. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuliza ni nani aliyekaa na hela.

Watu hupenda kusema kwamba zamani wachezaji walicheza kwa mapenzi, siku hizi ni pesa tu. Daly alipenda mchezo. Angalia picha ya timu ile ya 1948. Thompson alitoa miezi zaidi ya mitatu ya ujana wake kwa jezi ya Lions bila mshahara, na ukimwambia hakupenda utakuwa unamtukana. Kulipwa hakukuja kuondoa mapenzi yao. Kulikuja kuyawezesha yaendelee Jumatatu, Jumanne, mpaka mwisho wa mwezi.

Leo mchezaji wa Lions analipwa kwa ziara, na hakuna anayeshangaa. Jina la Robin Thompson liko kwenye orodha ya manahodha, kati ya waliomtangulia na waliomfuata, bila alama yoyote ya kueleza kilichompata. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuuliza kama unafanya kazi yako kwa mapenzi, mwambie ndiyo, tena sana. Halafu mtumie namba yako ya M-Pesa.